Amri ya Nne Kwenye Njia ya Misafara

Je, kijana Mkristo anaweza kwenda nchi ya mbali kujifunza urithi wa mababu wa watu wengine, akasimama penye makaburi na mahekalu yao, kisha akarudi nyumbani akiwa bado wa Kristo? Zamani swali hili lilikuwa la wamisionari na walimu wa vyuo vya theolojia. Siku hizi linaletwa na wazazi. Tangu mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina Taasisi za Confucius. Kichina kinafundishwa katika baadhi ya sekondari zetu, na wapo vijana wa Kitanzania wanaopanda ndege kwenda China kuona Ukuta Mkuu, kujaribu kuandika kwa brashi na wino, na kujifunza jinsi Wachina wanavyowaheshimu wahenga wao.

Mimi ni mchungaji hapa Tabora, na swali hilo lilinifikia likiwa kwenye fomu. Mama mmoja wa usharika wetu ana binti wa sekondari aliyechaguliwa katika kundi la safari ya namna hiyo, wiki mbili. Fomu ya ridhaa ya mzazi ilikuwa na ratiba nyuma yake. Siku moja ilikuwa ya kutembelea hekalu la Confucius. Siku nyingine ilikuwa ya kwenda pamoja na familia wenyeji kwenye sikukuu ya kusafisha makaburi, ile Wachina waiitayo Qingming, mwanzoni mwa Aprili. Mama alikuwa tayari kusaini. Mzee mmoja wa kanisa aliyeiona ratiba hiyo akamwomba asubiri, akaja kwangu. "Baba Mchungaji," akasema, "matambiko tumeyakataza hapa miaka yote. Leo tumpeleke mtoto akatambike kwa Wachina?"

Sikumdharau mzee huyu, na msomaji asimdharau. Huku Unyamwezini watu wanaijua mizimu. Mwongofu wa kwanza wa nchi hii alipoacha kutambika hakuacha mchezo, aliacha kitu kilichobeba maisha yake yote. Mtu aliyemwaga pombe kaburini kwa babu yake ili apate mvua au mtoto alikuwa anaomba, na maombi ni ya Mungu peke yake. Amri ya kwanza haina punguzo. Kwa hiyo anayesema haraka haraka kwamba "huo ni utamaduni tu" hajalijibu swali la mzee.

Kanisa limewahi kugombana juu ya jambo hili hili na nchi hii hii. Mjesuiti Matteo Ricci alifika Macau mwaka 1582, akajifunza Kichina mpaka akaandika vitabu kwa lugha hiyo. Aliamua kwamba kumwinamia Confucius na kuviheshimu vibao vyenye majina ya wazazi waliokufa ni adabu ya kiraia, si ibada. Wamisionari waliofuata, wengi wao wa mashirika mengine, wakasema ni kuabudu sanamu. Mabishano yakaenda Roma. Papa Klementi wa 11 alizikataza heshima hizo mwaka 1715, Papa Benedikto wa 14 akalikaza katazo hilo mwaka 1742, na lililegezwa mwaka 1939 tu, siku za Papa Pius wa 12. Karibu miaka 200 Mkristo Mkatoliki wa China aliambiwa achague kati ya ubatizo wake na kaburi la baba yake. Kaisari Kangxi, ambaye mwanzoni aliwapokea Wajesuiti vizuri, alichukizwa akapiga marufuku kazi ya misioni mwaka 1721. Sisi Walutheri tusiwacheke Wakatoliki. Barani kwetu pia mara nyingi adabu na ibada vilikatwa kwa panga moja.

Wazee wetu wa Matengenezo ya Kanisa walituachia msaada. Ungamo la mwaka 1577 liitwalo Kanuni ya Makubaliano, katika kifungu chake cha kumi, linazungumzia mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Katika mambo hayo Mkristo yuko huru. Lakini mtu akiyatumia kukulazimisha uikane imani, uhuru huo unakoma, na jambo dogo linakuwa kubwa. Ndiyo kusema kwamba tendo lile lile linaweza kuwa salamu siku moja na usaliti siku nyingine, na anayelitenda hana budi kujua anaulizwa nini.

Naamani alilijua hilo. Baada ya kuponywa ukoma alimwomba Elisha kitu cha ajabu: bwana wake akiingia katika nyumba ya Rimoni huku akiuegemea mkono wake, na yeye Naamani akalazimika kuinama naye, Bwana amsamehe katika jambo hilo (2 Wafalme 5:18). Elisha hakumpa hotuba. Alimruhusu aende kwa amani. Nimesoma wafafanuzi kadhaa wakihangaika kumtetea Elisha kwa jibu hilo fupi. Mimi naliacha lilivyo.

Tena tukumbuke kwamba huku kwetu binti aliyelelewa vizuri bado hupiga magoti kumsalimia mkubwa. Sijasikia baraza la wazee likimshtaki mtu kwa kumwabudu mama mkwe.

Basi nilimwambia binti hivi, mzee akiwapo. Siku ya hekalu angalia kila kitu na uliza kila kitu. Paulo alipokuwa Athene moyo ulimchoma kwa ajili ya sanamu, lakini hakuyafumba macho. Aliuzunguka mji akitazama mambo ya ibada yao, hata akasoma maandishi ya madhabahuni (Matendo 17:23). Ukiambiwa kwamba kuinama ni salamu, inama kama unavyomwinamia bibi yako. Ukipewa ubani uuchome na kuwaomba waliokufa kitu, kataa kwa upole, sema wewe ni Mkristo. Makaburini shika fagio, ng'oa majani, beba ndoo ya maji. Kufagia kaburi si dhambi katika dini yoyote ninayoijua. Mzee hakuridhika sana, ila alinyamaza, na mama akachukua kalamu.

Kumbe jambo gumu zaidi lilikuwa mstari wa mwisho wa fomu. Wenyeji walitaka kila mwanafunzi aje na maelezo ya dakika tano juu ya wahenga wake na urithi wa nyumbani kwake. Binti aliniletea alichoandika nimsahihishie. Kulikuwa na mlima Kilimanjaro, Serengeti, fukwe za Zanzibar, tembo na twiga. Tabora, alikozaliwa, haikuwamo hata kwa jina.

Mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimpelekea Kaisari Yongle wa China zawadi ya twiga. Wakuu wa ikulu walipomwona walisema huyo ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayetokea katika enzi ya mfalme mwema. Walimshangilia na kumchora. Walikuwa wametafuta ndani yake hadithi yao wenyewe, nao wakaipata. Miaka 600 baadaye binti wa Tabora alikuwa anajiandaa kuwapelekea twiga tena.

Mwaka 2005, katika kumbukumbu ya miaka 600 tangu safari za Zheng He zianze, msichana mmoja wa Lamu alialikwa China kwa sababu jamaa zake husimulia kwamba wametokana na mabaharia wa Kichina. Yeye alikwenda kama mjukuu aliyepotea. Binti yetu hakualikwa hivyo. Alialikwa kama mgeni, na mgeni huulizwa kwao.

Wahubiri tunapenda kumtaja Danieli kwa vijana wanaosafiri, na tuna haki. Yeye na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo miaka mitatu. Walibadilishiwa majina, kama walimu wa Kichina wanavyowapa wanafunzi wao majina ya Kichina, na kama babu zetu wengi walivyotoka kisimani mwa ubatizo wakiwa na majina ya Kijerumani. Danieli hakugombana kwa ajili ya jina, wala hakuvikataa vitabu. Alikataa chakula cha mfalme, akasoma kwa bidii, akawapita wenyeji. Kwa kawaida tunaishia hapo, kwenye mtama na maji. Tungesoma mpaka sura ya 9. Danieli sasa ni mzee. Anafunga, anavaa magunia, anaungama mbele za Mungu dhambi zake na maovu ya baba zake. Mtu aliyevijua vitabu vya Babeli hakuwa amesahau habari za kwao, na zile alizozileta mbele za Mungu siku hiyo zilikuwa za aibu.

Na njia yetu ina aibu. Katika karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda ya bara. Msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea kiasi cha miezi mitatu kufika hapa. Kisha njia moja ilishika magharibi kwenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru. Walipatana ujira, walilipwa kwa vitambaa, waliweza kugoma, na kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Mzigo wa pembe ulifika frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, begani, siku baada ya siku. Hilo ni jambo la kujivunia na sijui kwa nini hatuwafundishi watoto. Pembe za upande huu wa Afrika zilikwishafika China zamani sana. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad wa karne ya 10, aliandika kwamba pembe kutoka nchi ya Wazanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China.

Lakini kwenye njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa kwa minyororo na makongwa. Tupunguze kusema kwamba hayo yalikuwa ya Waarabu tu. Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alikuwa na nyumba ya baba yake hapa Tabora, na baba huyo alikuwa ameoa binti wa Mtemi Fundikira. Mirambo alijenga nguvu yake kwa bunduki, na bunduki zilinunuliwa kwa kile kilichouzika. Walionunua waliishi hapa, na waliouza waliishi hapa. Wengi wa waliouzwa hawakufika pwani kamwe. Waliwekwa kulima mashamba ya Unyanyembe, wakazaa, na wajukuu wa makundi yote matatu wanakaa nasi Jumapili kwenye benchi moja.

Wageni wakija tunawapeleka Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Ni vema kuwapeleka. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii ya pembe na watumwa katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, Kwihara ikiwa mojawapo ya vituo sita kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Ila wale watu wa minyororo hatuna mahali pa kuwaonyesha, na nadhani hatujapatafuta.

Nilimtuma binti kwa bibi yake akaulize. Siku ya pili alirudi kimya. Bibi alikuwa amemwambia jambo ambalo hata mama yake hakulijua: mama wa ukoo wao, vizazi kadhaa nyuma, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mdogo, mali ya mtu. (Ninaandika kwa ruhusa yao, na nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike.) Asiyeishi Tabora huenda asielewe uzito wake. Neno hilo bado lina meno. Kuna posa zilizorudishwa kwa ajili yake, na watu wakigombana mpaka mwisho ndilo tusi linalobaki.

Mama alikuja ofisini amekasirika. "Baba Mchungaji, si umetufundisha wenyewe kwenye kipaimara kwamba tuwaheshimu wazazi? Ni heshima gani kumtangaza bibi yetu kuwa kijakazi, tena mbele ya Wachina?"

Swali lake ni zito kuliko la mzee. Mzee aliogopa kwamba mtoto atawaheshimu mababu wa wengine kupita kiasi. Mama aliuliza namna ya kuwaheshimu wa kwetu.

Luther anaigusa katika Katekisimo Kubwa, anapoifafanua amri ya nne. Anasema, kwa maneno yangu, kwamba tusiangalie wazazi walivyo bali tuangalie mapenzi ya Mungu aliyewaweka. Hata wawe maskini, wanyonge, wagumu wa tabia, ni wazazi, na upungufu wao hauwavui heshima. Anayemheshimu mzazi kwa sababu ya sifa zake ameiheshimu sifa, na sifa ikipotea mzazi hutupwa. Sasa tuchukue neno hilo tulipeleke kwa yule mtoto wa Manyema. Kama heshima yake ingetegemea cheo, basi kumficha kungekuwa namna ya kumheshimu. Lakini Mungu hakumpa heshima kwa cheo. Tena aibu ya kuuza mtu si ya aliyeuzwa. Tumeiacha ikae upande usio wake kwa zaidi ya miaka mia, na familia moja imeibeba kwa kunyamaza huku familia nyingine, zilizouza, zikitembea wima.

Je, hao wajukuu wa waliouza, nao wafanye nini? Mtu anaweza kunitajia Shemu na Yafethi, waliotembea kinyumenyume wamfunike Nuhu aliyelewa (Mwanzo 9:23). Mfano mzuri. Wana wale walimkinga baba yao na dhihaka, ila hawakudai kwamba hakulewa, na habari yenyewe tunaisoma hadi leo. Waisraeli waliorudi kutoka uhamishoni walisimama wakaungama dhambi zao na maovu ya baba zao (Nehemia 9:2). Hawakuacha kuwaita baba. Mathayo naye, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, angeweza kuwapita Tamari, Rahabu na mke wa Uria. Hakuna aliyekuwa akimdai majina ya wanawake. Aliyaandika.

Wenyeji wa binti nao wana lao. Novemba 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu waliingia Qufu, mji wa Confucius, wakavunja sanamu na mawe ya kumbukumbu na kufukua makaburi ya ukoo wake. Leo jina la mtu yule yule liko juu ya milango ya taasisi za lugha katika vyuo vyetu. Silitaji hili kwa kuwasuta. Kila taifa lina ukurasa usioingia kwenye ratiba ya wageni, na kijana anayeujua wa kwao huuliza wa wengine kwa adabu zaidi.

Sikumlazimisha mama. Nilimwambia kwamba habari hiyo ni mali ya familia, na kwamba mtoto hawezi kuisema kama bibi hataki. Waliketi usiku mmoja, watatu hao, mimi sikuwepo. Karatasi iliyopelekwa China ilikuwa na wapagazi, frasila mbili, miembe ya njia ya zamani, na sentensi moja juu ya mtoto aliyeletwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Haikusema mtoto huyo ni wa nani. Nadhani kwa mara ya kwanza ilitosha.

Si lazima kupanda ndege ili kuiona Qingming. Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina waliofia nchini mwetu, wengi wao wataalamu na wafanyakazi wa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mwezi Aprili watu wa ubalozi wao huenda pale kuweka maua na kuinamisha vichwa. Sasa kampuni za Kichina zimepewa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kwa mkataba uliosainiwa Desemba 2022, kuelekea kule kule misafara ilikokuwa ikienda. Ardhi itachimbwa. Waliokufa njiani enzi zile hawakuzikwa kwa mawe, wengine hawakuzikwa kabisa, na hakuna ubalozi wa kuwajia na maua.

Nimelipendekezea baraza la wazee kwamba siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, tufanye ibada fupi chini ya miembe na kuikumbuka njia hiyo. Mzee yule yule ameuliza mambo mawili: kama hayo nayo si matambiko, na kama hatuna majina, tutasoma nini. La kwanza nimelijibu. Hatutawaomba kitu wala hatutawapa kitu. Tutamshukuru Mungu anayewajua, na tutaungama ya baba zetu kama Nehemia alivyofanya na watu wake. La pili bado tunalizungumza. Mjumbe mmoja amesema tunyamaze kwa muda ule ambao majina yangesomwa. Mwingine amesema kila nyumba iwaulize wazee wake kabla ya Novemba, na atakayetaka alete.